Kijistari

Miaka kumi na tisa nimeketi mezani, pembeni mwa uwanja,
penseli mbili, moja nyekundu, moja ya akiba,
naandika ya wengine.
Vygintas Šeškus nilimwandika kwa mkono wangu
kabla mama yake hajazoea kuliona jina hilo gazetini.
Namba kumi na tatu. Mita moja na themanini na mbili,
kimo ambacho hapa Panevėžys ni cha mwalimu wa hesabu.

Šeškus kwa lugha yetu ni kama kusema Kicheche,
na mashabiki hawakulaza damu:
Kicheche! Kicheche! hadi madirisha yakatoka jasho.
Nafasi yake iliitwa mlinzi.
Mlinzi gani? Hakukaa getini, hakushika rungu.
Alichokilinda ni sekunde.
Alipewa ishirini na nne, akazitumia
kama mjane atumiavyo sukari,
macho yakitazama kushoto, mkono ukienda kulia.

Kwenye karatasi yangu pasi haina makuu.
Anayefunga huandikiwa mbili, au tatu;
anayempa mwenzake afunge hupata kijistari,
chembamba, kama kope iliyoanguka.
Vyake nilivichora elfu mbili mia tano na kitu.
Na kitu, nasema, maana kimoja nadaiwa.

Ilikuwa Februari, barafu hadi kwenye ngazi,
dakika ya mwisho, wageni wametoka Kaunas,
na mimi nimeinama kuokota penseli.
Ukumbi ukalipuka.
Nilipoinua kichwa mpira ulishatumbukia,
Eimantas anajipiga kifua,
Kicheche yuko sakafuni kifudifudi, watu wawili juu yake.
Nani aliyempa?
Jirani yangu, mtu wa saa, akapandisha mabega.
Nikaacha kisanduku kitupu. Refa akatia sahihi.

Wiki iliyofuata nikauona mkanda:
mpira ulitoka kwake, chini ya kwapa la adui,
naye tayari anaanguka.
Posho ya msimu ilidai pasi mia na hamsini.
Alimaliza na mia na arobaini na tisa.
Hakuja kuuliza.
Nami sikwenda kusema.

Baadaye Wrocław, msimu mmoja.
Izmir nusu msimu, na mshahara wa miezi mitatu
ambao mpaka leo uko njiani.
Kisha Latvia, daraja la pili,
ukumbi unanuka kabichi, basi halina joto.
Goti la kushoto lilipasuliwa mara mbili;
la kulia halikupasuliwa, lilijifia lenyewe.
Aliturudia akiwa na thelathini na sita,
vijana wakampita kama magari yapitavyo trekta,
lakini mpira, jamani,
mpira ulikuwa bado unamjua.
Usiku wa kumuaga klabu ikampa saa ya ukutani.
Akaitazama, akacheka peke yake,
sisi wengine tukapiga makofi.

Sasa anachanganya rangi dukani, barabara ya Šiauliai.
Jumanne nilikwenda kutafuta kijani cha jikoni.
Alikuwa ameinama kaunta, nywele zimeingia chokaa,
anamsikiliza mzee mmoja aliyetaka nyeupe isiyo nyeupe sana.
Hakunitazama. Alitazama rafu za kushoto,
na kopo likateleza kutoka mkono wa kulia,
likapita brashi, likapita mizani,
likatua kiganjani pangu
kabla sijaunyosha mkono vizuri.

“Bi Danguolė,” akasema, “hiyo nayo uiandike.”

Sikujua kama ni utani.
Nikaigeuza risiti upande mweupe, nikafungua mkoba:
funguo, dawa ya presha, tiketi ya basi, leso,
funguo tena.
Penseli hakuna.
Nyuma yangu foleni ikaanza kuguna,
na yeye amesimama, goti moja limekunjwa, anangoja,
kama mtu ambaye bado ana sekunde.